Fyuzi ni Askari wa Ofisi



Twapenda kusema nanyi maneno machache juu ya moto utokao katika nyaya za umeme.

Kila waya una kadiri ya mzigo wake. Tundu la plagi ya ampea 13, kwa umeme wa volti 230, mwisho wake ni wati 2,990. Birika la wati 2,000 na hita ya wati 1,500 zikitumia tundu moja, jumla ni wati 3,500. Hapo waya hupata joto, ganda lake huyeyuka, na makaratasi yaliyo karibu hushika moto.

Fyuzi imewekwa ili ikatike kabla ya waya kuungua. Atiaye msumari mahali pake amemfukuza askari na kumwachia mwizi mlango wazi.

Twajua kwamba karani si fundi. Lakini ana kalamu. Aonapo plagi imebabuka, swichi ina joto, au fyuzi yakatika mara kwa mara, na amwandikie mkuu wake, atie tarehe, aweke na nakala. Asinyamaze kwa kuogopa kuitwa msumbufu. Ofisi ikiungua, majalada ya pensheni ya wazee wetu huteketea, na mlinzi wa usiku huenda yumo ndani.

Moto ukizuka, tuzime swichi kuu ikiwa yafikika, wala tusimwage maji. Na kila jioni, kabla ya kufunga mlango, tuzime na kuchomoa.