Damu Inaporudi Moyoni

Mshtuko wa moyo ukimpata mtu, la kwanza ni mshipa ulioziba ufunguliwe. Lakini damu inayorudi huja na balaa lake. Kalisiamu, ambayo kwa kawaida ndiyo huamuru moyo upige, hufurika ndani ya mitokondria, vile vinu vya nishati vya seli. Tundu kwenye utando wa mitokondria hufunguka, nishati hukatika, seli hufa. Mlango wa kalisiamu hiyo ulitambuliwa mwaka 2011. Saiklosporini, dawa iliyotarajiwa kulizuia tundu lisifunguke, ilijaribiwa Ulaya kwa wagonjwa 970. Matokeo ya 2015 yalivunja moyo, mtanisamehe kwa usemi huo.

Kwa sasa, basi, kinga ni saa. Mkazi wa Ruiru, Kenya, anayebanwa kifua usiku, jasho jembamba likimtoka, asimeze dawa ya kiungulia akangoja kupambazuke. Aende hospitali usiku huo huo.