Nywele za Bati Ndani ya Vifaa vya Umeme

Msikilizaji, tarehe 19 Mei 1998 setilaiti Galaxy IV ilipoteza mwelekeo angani, na mamilioni ya peja zilizopokea ujumbe kupitia setilaiti hiyo nchini Marekani zikanyamaza. Chanzo kilichotajwa ni nywele za bati kwenye kompyuta yake ya kuongozea.

Ndiyo, bati huota nywele! Miguu ya vipuri ikipakwa bati tupu, mkandamizo ndani ya tabaka hilo husukuma nje vijiti vyembamba kuliko unywele wa binadamu. Kijiti kikigusa mguu wa jirani, shoti. Kwa miongo mingi viwanda vilizuia hali hiyo kwa kuchanganya risasi kidogo tu kwenye bati.

Kisha Umoja wa Ulaya ukaweka mipaka mikali ya risasi katika vifaa vya umeme kuanzia tarehe 1 Julai 2006, na viwanda vikabadili utengenezaji. Uamuzi ulikuwa wa haki, kwani risasi hudhuru ubongo wa mtoto. Lakini kipuri kile kile, chenye namba ile ile, kikaanza kutoka kiwandani na ngozi nyingine, mara nyingi ya bati tupu. Mnunuzi angejuaje bila kuambiwa?

Kinachowasumbua mafundi zaidi ni hiki: shoti huweza kuunguza unywele wenyewe, kifaa kikapona, ushahidi ukapotea.

Basi fundi unayenisikiliza, usikimbilie kupiga brashi, usije ukafuta ushahidi huo. Kwanza chomoa umeme, mulika bodi kwa tochi kutoka ubavuni, kisha tazama kwa lenzi katikati ya miguu ya vipuri.