Kuisoma Tiketi ya Ndege na Kupima Mzigo wa Mkononi

Shika kalamu yako, na daftari liwe karibu. Leo tutasoma karatasi ndogo yenye maneno machache, lakini mtu asiyeisoma vema huweza kulipa fedha nyingi akiwa amekwisha kufika mlangoni. Karatasi hiyo ni tiketi ya ndege.

Zamani safari ya kutoka Mtwara kwenda Dar es Salaam ilikuwa ya meli, au ya gari lililokwama matopeni wakati wa mvua. Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mtoni Rufiji mwaka 2003, mabasi yakapata nafuu. Nawe wajua desturi ya basi: mzigo ukizidi, unazungumza na utingo, mnapatana. Ndege haina utingo wa kupatana naye. Kipimo kimeandikwa kabla hujatoka nyumbani, na ukilipa nauli umekwisha kukikubali, hata kama hukukisoma.

Basi, nini maana ya ndege ya nauli ndogo? Ni ndege inayokuuzia kiti peke yake. Mambo mengine, kama begi kubwa, chakula, au kuchagua kiti cha dirishani, huuzwa mbali mbali. Hapa Tanzania tuliyaona hayo mwezi wa Novemba 2012, Fastjet ilipoanza kuruka kutoka Dar es Salaam kwenda Mwanza na Kilimanjaro. Watu walifurahia nauli, na ilikuwa haki yao kufurahi. Lakini wengi walishangaa kuambiwa kwamba begi la kuweka tumboni mwa ndege lina bei yake. Ndege za kampuni ile zilisimama hapa nchini mwisho wa mwaka 2018. Desturi yenyewe haikufa, maana siku hizi hata kampuni za kawaida huuza tiketi za namna mbalimbali, nyingine zina mzigo na nyingine hazina.

Sasa tazama tiketi. Tafuta mahali palipoandikwa habari za mzigo. Pengine utaona 23K. Herufi K ni kilo, yaani una ruhusa ya kilo 23 tumboni mwa ndege. Pengine utaona 1PC. Herufi PC ni kipande, yaani begi moja. Ukiona 2PC ni mabegi mawili. Na ukiona 0PC? Hiyo sifuri ndiyo inayoumiza watu. Maana yake huna ruhusa ya begi la tumboni hata moja. Una kile tu unachoingia nacho mkononi. Andika alama hizo daftarini mara tatu, kwa herufi kubwa.

Mimi mwenyewe, mwalimu wenu, sikuitazama sifuri hiyo. Nilikuwa nampeleka mama yangu mdogo hospitali ya macho. Kampuni sitaitaja, maana kosa lilikuwa langu. Nilibeba korosho za kuwapa wenyeji wetu, na chupa mbili za mafuta ya nazi. Begi likapanda mizani, likawa kilo 11. Nililipa pale pale, na kulipia mlangoni mara nyingi ni ghali kuliko kulipia mapema. Fedha ile ilikuwa ya nauli za mjini na chakula cha mgonjwa. Siku mbili tulikwenda hospitali kwa miguu, naye haoni vizuri, nimemshika mkono.

Tuendelee na hesabu. Kampuni nyingi huruhusu mzigo wa mkononi wa kilo 7. Si kilo 7 za korosho! Begi lenyewe huhesabiwa. Kama begi tupu lina kilo 2, zimebaki kilo 5 kwa nguo, viatu na zawadi. Kwetu mizani haikosekani. Nenda ghalani kwa chama cha msingi wakati hakuna msongamano, uombe kupimiwa. Au simama juu ya mizani ya zahanati ukiwa na begi, kisha bila begi, utoe hesabu.

Pengine unauliza, kwa nini wanasumbua kwa kilo tatu tu? Ndege ya panga aina ya Q400, kama zile za Air Tanzania, ina viti 76. Kila mtu akizidisha kilo 3, ni kilo 228. Uzito huo ni kama watu watatu ambao hawakuandikwa. Na makabati ya juu ya vichwa ni madogo, hayapokei kila furushi.

Uzito ni kipimo kimoja, ukubwa ni kipimo cha pili. Kuna mfuko mdogo unaokaa chini ya kiti cha mbele yako, na kuna begi linalowekwa katika kabati la juu. Usiyachanganye. Mtoto wako aliye Ulaya akikukatia tiketi ya Ryanair iliyo ya bei ya chini, utakachoruhusiwa bure ni mfuko mdogo tu, usiozidi sentimita 40 kwa 30 kwa 20. Kipimo hicho kilianza mwaka 2025. Chukua futi ya fundi cherehani, upime urefu, upana na unene, pamoja na magurudumu na mpini. Vipimo hivi hubadilika, kwa hiyo soma vya safari yako, si vya jirani aliyesafiri mwaka jana. Na kama unapanda ndege mbili za kampuni mbili, fuata kipimo cha ile iliyo kali zaidi.

Mfuko laini una faida: hubonyea ukaingia katika kile kisanduku cha kupimia. Kapu la ukindu pia hubonyea, lakini likijazwa mpaka mdomoni halibonyei tena.

Visu na mapanga hayaingii ndani kabisa. Pweza mkavu na samaki, uliza kwanza kabla hujawafunga. Mafuta ya nazi na asali, tia begi la tumboni, chupa imefungwa vema na kuviringishwa kanga kuukuu. Katika safari za kwenda nchi za nje, viwanja vingi hukataa chombo cha majimaji kinachozidi mililita 100. Wanatazama chombo, si kilichomo; chupa ya mililita 500 yenye mafuta kidogo chini bado itakataliwa. Sharti hilo lilianza mwaka 2006. Mfuko wa rambo usiubebe, umepigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019.

Dawa za mgonjwa zikae mkononi daima, pamoja na cheti cha daktari. Mwenye kisukari asitie insulini tumboni mwa ndege, kwani begi laweza kupotea, na baridi yaweza kuiharibu. Betri ya akiba ya kuchajia simu nayo hukaa mkononi, kwa sababu ikishika moto ndani watu wataiona.

Zoezi. Tiketi imeandikwa 0PC, mkononi kilo 7. Begi tupu ni kilo 1 na nusu. Nguo ni kilo 3. Dawa na vyeti ni nusu kilo. Je, waweza kubeba korosho kilo ngapi? Fanya hesabu kwanza peke yako, kisha mwonyeshe mwenzako wa kulia.