Kemisti ya Sokoni na Mizani Yake

(Maneno tuliyowaambia wanavikundi wa Kisii na Nyamira mjini Keroka)

Leo tunazungumza juu ya uzito wa mwili, na tunaanza na kisa kimoja.

Mama mmoja katika kikundi tunachokitembelea alifiwa na mume, akakonda. Watu wakaanza kunong'ona. Sisi tuliokua miaka ya 1990, ukimwi ukimaliza watu, tunajua mnong'ono huo: ukikonda tu, umeshahukumiwa. Basi mama akaenda kwenye duka moja la dawa, akauziwa vidonge "vya kunenepa" vimefungwa kwa karatasi, bila jina. Baada ya miezi miwili uso umevimba kama mwezi, na wenzake wanamsifu ati amependeza! Sisi pia hatukumuuliza lolote. Tulikuja kujua alipopelekwa hospitali, sukari imepanda.

Vidonge hivyo mara nyingi ni deksamethasoni, dawa ya kuandikiwa na daktari. Hupandisha sukari na presha na kudhoofisha mifupa. Tena ukishaizoea, usiiache ghafla, maana mwili umesahau kujitengenezea homoni yake ya aina hiyo, unaweza kuanguka. Nenda hospitali upunguziwe polepole. Vingine ni siproheptadini, dawa ya mzio inayoleta njaa na usingizi.

Kuna na wanaotaka kupungua. Hawa nao wanatafuta njia ya mkato. Juni 2024 Shirika la Afya Duniani lilionya juu ya sindano bandia za semaglutidi zilizopatikana Brazil, Uingereza na Marekani. Kama huko zilipenya, huku kwetu tusinunue sindano kwa mtu wa mkoba.

Je, tuikimbie kemisti? Hapana. Iko karibu kuliko hospitali, na hakuna foleni. Tatizo ni kwamba tunaingia kuomba dawa, hatuingii kuuliza. Tazama kwanza leseni ya Bodi ya Famasia na Sumu ukutani. Mwenye leseni aliyesoma kazi yake atakupima uzito na presha, na atakuambia kama dawa unazotumia tayari ndizo zinakunenepesha. Akikuuzia tu bila swali hata moja, badilisha duka.

Hesabu ni rahisi. Mama wa urefu wa mita 1.60 akizidi kilo 64, uzito umeanza kupita kiasi. Akifika kilo 77, huo ni unene wa hatari. Kiuno tupime kwa futi ya fundi cherehani: mama akipita sentimita 88, au baba 102, aangaliwe presha na sukari. Msidhani ni ugonjwa wa Nairobi peke yake. Uchunguzi wa kitaifa wa 2022 ulikuta wanawake 45 kati ya kila 100, wa miaka 20 hadi 49, wamezidi uzito. Zamani tulipanda mlima na kikapu cha ndizi. Leo ni bodaboda, halafu chai ya sukari vijiko vinne na mandazi.

Mwenye kilo 80 akipunguza kilo 4 tu, presha inaweza kushuka. Chinsaga na managu viko shambani. Sahani ya ugali ipungue, mboga iongezeke. (Wazee, msicheke, na bia inanenepesha.)

Tunaomba kila kikundi kipatane na kemisti mmoja mwenye leseni, siku moja ya soko kila mwezi, wanachama wapimwe pembeni, si mbele ya wateja wote, na kila mtu aandike kwenye daftari lake. Pasipo kemisti, mwiteni mhudumu wa afya wa kijiji. Mwaka 2023 serikali iliwagawia mikoba yenye mizani na kipima presha.

Na yule mama amerudi kikundini. Amekonda tena. Mkimwona, msalimieni tu.