Masomo Yampasayo Atakaye Kazi ya Fedha
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama wa Kasulu na Kibondo)



Katibu wetu ameniomba niseme juu ya jambo ambalo wengi wenu mmeniuliza njiani na ofisini: kijana atakaye kazi ya fedha achague masomo gani chuoni? Nalikubali kwa furaha, maana katika nchi hii ya Buha mzazi huuza shamba la kahawa au ng'ombe mara moja tu. Karo ikiisha kulipwa kwa masomo yasiyofaa, hapana ng'ombe wa pili.

Kazi yenyewe si ngeni kwetu. Zamani za Waingereza, baada ya sheria ya utawala wa wenyeji ya mwaka 1926, palikuwa na hazina za wenyeji, na karani wa hazina aliandika kodi iliyoingia na mishahara iliyotoka. Karani huyo alijifunza akiwa kazini. Siku hizi njia hiyo haifiki mbali. Tangu Sheria Na. 33 ya mwaka 1972 iliyounda Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, yaani NBAA, mtu hawi mhasibu kamili kwa mazoea, illa kwa kufaulu mitihani na kuandikishwa.

Mzazi mmoja wa Kibondo alinijia na hati za mwanawe, akasema, "Ndugu yangu, nataka asome mambo ya benki, maana majengo ya benki nayaona mjini." Nikamwuliza, "Tawi moja lina watu wangapi?" Akahesabu kwa vidole, wala vidole havikumwisha. Nikamwambia, sasa hesabu halmashauri, shule, zahanati, SACCOS na vyama vya msingi vya wakulima. Mashirika ya wakimbizi siyataji, maana hayo huja na kwenda. Tena tangu mwaka 2017, Serikali ilipoleta mfumo wa hesabu uitwao FFARS, fedha za zahanati na shule huandikwa kituoni penyewe, na mara nyingi mwenye kushika hesabu hizo ni mganga au mwalimu ambaye hakusomea kazi hiyo.

Kwa hiyo shauri langu ni uhasibu kwanza. Aliyehitimu shahada ya uhasibu hupokewa katika mitihani ya NBAA kwa ngazi ya juu kuliko aliyehitimu masomo mengine. Benki humwajiri mhasibu. Lakini aliyesoma mambo ya benki peke yake, akitaka baadaye kuwa mhasibu, huenda akaanzia chini, na umri umekwisha kupita.

Ndani ya uhasibu wenyewe, vijana hulidharau somo la kwanza, uandishi wa vitabu, wakisema kompyuta hufanya yote. Hayo si kweli. Mwaka 1494 mtawa Mwitalia, Luca Pacioli, alipiga chapa kitabu huko Venice kilichoeleza namna ya kuandika kila fedha mara mbili, itokako na iendako. MUSE, mfumo ambao Serikali hulipia fedha zake, umejengwa juu ya kanuni hiyo hiyo. Asiyeijua huona tarakimu kwenye kioo, asijue kosa limeingia wapi. Na Mkaguzi afikapo, haulizwi mtambo, huulizwa mtu. Baada ya hilo, achukue kodi, ukaguzi, sheria za biashara, na hasa hesabu za serikali, kwa kuwa halmashauri zetu hufuata kanuni za kimataifa ziitwazo IPSAS. Masomo ya uongozi wa jumla ni mepesi na yapendeza, lakini yanaweza kungoja.

Hisabati na Kiingereza havingoji. Mitihani ya NBAA huandikwa kwa Kiingereza. Kidato cha tano, tahasusi yenye somo la uhasibu yaenda moja kwa moja kwenye uhasibu. EGM ni ngumu zaidi, bali yafungua pia uchumi, takwimu na bima.

Asiyefika kidato cha tano asikate tamaa. Mwenye ufaulu wa masomo manne ya kidato cha nne, pasipo kuhesabu somo la dini, aweza kuanza na cheti, kisha stashahada, hata shahada. Zamani ilimlazimu apande gari la moshi hata Dar es Salaam, kwenye Chuo cha Usimamizi wa Fedha kilichoanzishwa mwaka 1972. Sasa Taasisi ya Uhasibu Tanzania ina tawi Kigoma, na kijana wa Kasulu aweza kurudi nyumbani kuchukua unga na maharage. Apendaye vyama vya ushirika yuko Moshi, penye chuo kikuu cha kazi hiyo.

Kabla hajalipa hata senti moja, mzazi aulize NACTVET kama chuo kimesajiliwa na kozi ile imeidhinishwa. Ikiwa ni chuo kikuu, aulize TCU. Tangazo lililobandikwa ukutani si ushahidi.

Mwenye hati za mwanawe na azilete sasa hapa mezani, tuzitazame pamoja.