Darubini Ndogo Mgongoni mwa Darubini

(Mazungumzo yaliyotolewa kwa vijana na wazazi baada ya taraweh)



  Najua mmechoka, na daku si mbali, kwa hivyo sitawaweka sana. Nimeambiwa nizungumze juu ya ile darubini yetu ya kompyuta, ambayo wengi wenu mmeutazama mwezi kwayo, na juu ya kile kidude kilichofungwa mgongoni mwake. Kila mtu ananiuliza, "Hicho nacho ni cha nini? Na mbona kidogo hivyo?" Nitajibu, na katika kujibu itanibidi nikiri kosa langu.

Tuanze na kazi yake. Dunia yajizungusha, na sisi twaona kama mbingu ndizo zinazokwenda. Wenye elimu hii huigawa digrii moja katika vipande 3600, kila kipande wakakiita sekunde ya pembe. Mwezi mpevu una upana wa kama sekunde 1800 za pembe. Nyota husogea sekunde 15 za pembe kwa kila sekunde moja ya saa. Maana yake, kila baada ya dakika mbili mbingu zimesogea upana wa mwezi mzima. Darubini ya kompyuta ina mota na gia za kuifuatilia nyota isitoke machoni. Kwa kutazama tu, hiyo yatosha kabisa.

Lakini sisi tulitaka picha. Tulitaka watoto wa madrasa waone lile wingu la gesi lililoko katika upanga wa Jabari, ambalo kwa jicho ni ukungu tu. Picha ya kitu hafifu kama hicho yataka kamera ifumbue jicho dakika nzima au mbili. Hapo ndipo gia zetu zilipoumbuka. Hakuna gia iliyochongwa sawasawa kabisa. Kila inapozunguka, nyota huenda mbele kidogo na kurudi nyuma kidogo. Darubini yetu ina kipenyo cha milimita 125 na urefu wa fokasi milimita 1250. Kwa kamera tuliyonayo, kila pikseli moja ya picha ni kama sekunde 0.7 za pembe. Ukitikisika kidogo tu, umeonekana! Nyota zetu zilitoka ndefu kama punje za mchele.

Dawa yake ni darubini ya kuongozea. Unafunga darubini nyingine kando ya ile kubwa, zote zikitazama upande mmoja, na mahali pa jicho unaweka kamera ndogo. Kamera hiyo hupiga picha ya nyota moja kila baada ya sekunde mbili hivi na kuipeleka kwenye laptopu. Sisi twatumia programu iitwayo PHD2, ambayo hutolewa bure. Programu huuliza jambo moja tu: je, nyota iko pale pale? Ikiwa imesogea, huiamuru mota irekebishe. Mmemwona tanboi anapomrudisha nyuma dereva wa lori? "Kulia kidogo, kushoto kidogo, hapo hapo!" Basi ni vivyo hivyo, usiku kucha.

Sasa kosa langu. Mimi nilijiambia: kama kazi ni kuona, basi darubini kubwa itaona zaidi. Nikaazima moja ya kipenyo cha milimita 80, na pete zake za chuma na kamera yake. Baadaye tuliipima kwa mizani ya duka: kilo mbili na robo! Mwenzangu mmoja aliniambia, "Akhi, huo mzigo ni mwingi." Nikamjibu kuwa mota zina nguvu.

Na hapa ndugu zangu kuna jambo la huku kwetu ambalo sikulifikiri. Ili gia ifuate nyota bila picha kuzunguka, kitako cha darubini huinamishwa mpaka mhimili wake uelekee ncha ya anga. Uingereza, ncha hiyo iko juu nyuzi 50 na zaidi. Sisi Mombasa tuko nyuzi 4 kusini ya ikweta, na ncha yetu ya kusini iko nyuzi 4 tu juu ya upeo. Kwa hivyo kitako cha chuma alichotuchomelea fundi wa jua kali kinailaza darubini karibu chini kabisa, na ule mkono wake mmoja unajitokeza pembeni, hewani. Chukua ndoo ya maji uishike karibu na kifua, utaiweza. Sasa nyoosha mkono na ndoo ile ile. Waona? Uzito haukuongezeka, umbali ndio ulioongezeka. Na mimi nilikuwa nimeongeza vyote viwili.

Usiku ule mota ilianza kuguna. Nikasema itazoea. Baada ya kama nusu saa mshiko wake uliteleza, bomba likaanguka na kugonga mguu wa stendi, na jino moja la gia likavunjika. Darubini haikuwa yangu. Ilinunuliwa kwa michango yenu, wengine mkitoa shilingi hamsini hamsini. Ilikuwa amana. Ilikaa wiki tatu kwa fundi, na kwa muda huo watoto walikuja na kurudi bila kuona kitu. Nilipowaambia wazee, hawakunigombeza, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Tulipoanza tena, tulianza na hesabu. Kiongozi hahitaji kuona wingu la gesi. Anahitaji kuiona nyota moja tu, na asitikisike. Tukanunua darubini ya kuongozea ya kipenyo cha milimita 30, urefu wa fokasi milimita 120. Pamoja na kamera yake na kishikio, ni gramu 400 tu.

Dada mmoja wa sayansi aliuliza swali zuri. Kamera ya kiongozi ina pikseli za maikromita 3.75, kwa hivyo kila pikseli yaona kama sekunde 6.4 za pembe. Vipi jicho la 6.4 litaongoza jicho la 0.7? Jibu ni kwamba mwanga wa nyota haukai ndani ya pikseli moja. Unatapakaa katika kadhaa. Programu hupima mwanga wa kila moja na kukisia kitovu chake. Usiku ukiwa mtulivu, inaweza kutambua msogeo wa hata sehemu ya kumi ya pikseli, yaani kama sekunde 0.6. Halafu tukaongeza nyuma ya darubini kubwa lenzi ya kupunguza, ya 0.63. Urefu wa fokasi ukashuka hadi kama milimita 790, na kila pikseli ya picha ikawa sekunde 1.1. Hapo mkubwa na mdogo wakaelewana.

Kwa atakayetaka kufanya haya, nina nasaha chache. Kwanza, mfunge kiongozi karibu na bomba kadiri iwezekanavyo, kisha usawazishe bomba mbele na nyuma kabla ya kuwasha mota. Pili, usitumie skrubu za plastiki wala pete zenye mpira laini. Kama programu inaonyesha utulivu na bado nyota zako ni ndefu, jua wawili hao hawatazami tena pamoja. Pengine kishikio kimelegea, waya unavuta, au kioo kikuu kimeteleza ndani ya bomba, na hilo la kioo kiongozi hawezi kuliona. Tatu, hata ukiwa na kiongozi, ielekeze mhimili vizuri kwenye ncha. Ukikosea, nyota ya kiongozi itatulia na picha itazunguka polepole kuizunguka.

Na ambaye hana pesa za kiongozi asivunjike moyo. Iache darubini isimame kawaida, bila kuinamishwa. Nyakati za kaskazi, Jabari huchomoza mashariki na huku kwetu hupanda karibu wima, kwa hivyo picha haizunguki sana. Piga picha nyingi za sekunde kumi kumi, kisha ziunganishe kwa kompyuta. Ile nyota yake ang'avu Rigel, ambayo jina lake latokana na rijl, yaani mguu, utaipata bila shida.

Jambo la mwisho, na wazazi nawaomba mlisikie hili. Tunapotafuta hilali magharibi, jua likiwa bado halijazama hatuielekezi darubini huko. Na kile kidude kidogo nacho ni darubini kamili. Jua likiingia humo laweza kuunguza kamera, na jicho laweza kupofuka. Kifuniko chake hakitoki mpaka jua lizame.

Picha ya Jabari iliyoko pale ukutani ni ya kiongozi huyu wa gramu 400. Tulipiga 30 za dakika mbili mbili. 19 zilifaa, 11 tulizitupa. Wale watoto waliorudi bure mara ya kwanza, tuliwaita wao kwanza kuitazama. Baada ya Idi, inshaallah, anayetaka kujifunza aje. Ila atakayeniletea kifaa cha kufunga pale juu, nitamwuliza kwanza: kina kazi gani, na kina gramu ngapi?

Mungu atutakabalie saumu zetu. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.