Sare ya Benki, Mkataba wa Wakala

(Mada niliyoitoa kwenye kikao cha vijana, Buzuruga)



Mnawaona wale vijana pale stendi ya Buzuruga na mwavuli wa benki, wanafungulia watu akaunti. Shati limenyooshwa, kitambulisho shingoni. Mtaani tunawaita mabosi. Mmoja wao alikuwa binamu yangu, ana digrii ya uhasibu. Mkataba wake haukuwa na jina la benki, ulikuwa na jina la wakala. Mshahara hakuna, analipwa kwa idadi ya akaunti. Mwezi mmoja wa mvua alirudi nyumbani na elfu themanini. Nauli na chakula katoa mfukoni.

Jina kwenye mkataba si jambo dogo. Amri ya mishahara ya 2013 iliweka kima cha chini cha 400,000 kwa taasisi za fedha, na 115,000 kwa biashara na viwanda. Viwango vimepanda tangu hapo, lakini ona pengo lilivyo. Ukitolewa kwenye jina la benki, unaweza kushushwa ngazi nzima.

Na hata mwenye mshahara msimcheke. Chukua hiyo laki nne. Toa NSSF asilimia 10, bodi ya mikopo asilimia 15, toa na kodi ya serikali. Inabaki kama 293,000. Kodi ya chumba bado, na nyumbani wanasubiri.

Sasa sheria. Kifungu cha 61 cha Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004 kinasema hivi: anayekutumia akikupangia saa, au namna ya kufanya kazi, au akikupa vifaa, unachukuliwa kuwa mwajiriwa mpaka ithibitike vinginevyo, hata mkataba uwe umeandikwaje. Na mwajiriwa ana saa 45 kwa wiki, likizo ya siku 28 kwa mwaka, uzazi siku 84.

Ukiachishwa kazi, una siku 30 kufika CMA. Madai mengine, siku 60. Binamu yangu aliniletea karatasi zake siku ya 71. Sasa tunaandika maombi ya kuongezewa muda, na si lazima yakubaliwe.

Kwa hiyo Jumamosi kila mwenye mkataba aje nao, tuusome pamoja. Na tuidai Serikali itume maafisa kazi wakague mikataba ya mawakala. Kazi isiyo na mshahara tusikubali ihesabiwe ajira.